Sheria Isiyosomeka: Askari, Magari Yaliyobadilishwa na Lugha ya Barabara ya Namanga

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huo hata hivyo haujikati wenyewe. Sharti uwepo mkono wa kuushika, na jicho la kuuelekeza. Mkono na jicho hilo ndivyo vinavyonishughulisha katika makala haya. Mimi ni mkaazi wa Kitengela, mji uliochipuka katika mbuga za malisho na kutanda pande zote mbili za barabara ya Namanga. Kila nirejeapo nyumbani kutoka chuoni huiona barabara hiyo ikibeba kila aina ya gari: matatu zilizorembwa zikarembeka, malori ya mchanga na mawe, matangi ya maji, pikapu za mbuzi zitokazo Bissil, Probox zilizosheheni abiria na mizigo, na vijana wa magari madogo ambao mabomba yao ya moshi hunguruma usiku kucha. Mengi ya magari hayo hayako tena kama yalivyotoka kiwandani. Yamepita mikononi mwa mafundi wetu wa jua kali, yakaongezwa hiki na kupunguzwa kile.

Kando ya barabara hiyo hiyo husimama askari wa trafiki. Sheria imempa uwezo wa kuyasimamisha magari hayo, kuyakagua, na kumtoza faini au kumshtaki mwenyewe. Je, uwezo huo ni halali? Naam, ni halali, tena ni wa lazima. Lakini je, unatumika kwa namna inayopunguza hatari barabarani? Hapo ndipo penye shaka. Msimamo wangu ni kwamba ukaguzi wa kando ya barabara utabaki kuwa adhabu isiyofunza chochote maadamu dereva haelezwi, kwa lugha aijuayo, ni sehemu gani ya gari lake iliyoharamika na kwa nini. Na sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama katika jambo hili.

Kisa cha pikapu

Naomba msomaji aniruhusu nianze na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu ni mchuuzi wa mbuzi. Hununua mbuzi katika soko la Bissil na kuwaleta Kitengela kwa pikapu yake. Shule aliiacha angali katika madarasa ya chini. Huzungumza Kimaasai na Kiswahili, na Kiingereza hukisikia tu kikipita. Miaka michache iliyopita alimpelekea fundi pikapu hiyo na kumwomba afanye mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuzungushia kitanda cha nyuma uzio wa vyuma ili mbuzi wasiruke. La pili lilikuwa kuongeza springi za nyuma ili gari lisiinamie matako kila lipakiapo.

Asubuhi moja, nikiwa nimeketi ubavuni mwake, tulisimamishwa njiani. Askari aliyetusimamisha alikuwa mtu wa adabu. Hakufoka wala hakuomba chochote. Alilizunguka gari, akachungulia chini, akaandika, kisha akamkabidhi mjomba karatasi.

“Afande, kosa langu ni lipi?” mjomba akauliza.

“Gari lina kasoro, mzee. Limebadilishwa.”

“Limebadilishwa wapi? Hivi vyuma, ama ni springi?”

“Yote yameandikwa hapo.”

Mjomba aliitazama karatasi, akaigeuza, kisha akanipa. “Mpwa wangu, wewe ndiwe unayesomea lugha huko chuoni. Nisomee.”

Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza. Niliisoma mara mbili. Ilitaja kifungu cha sheria na kusema kuwa gari lilikuwa na kasoro, basi. Haikutaja springi, haikutaja vyuma, haikutaja taa wala breki. Nilijikuna kichwa nikamwambia, “Inasema gari ni bovu.” Mjomba akacheka kicheko kikavu. Gari lililotoka Bissil na mbuzi kumi na wawili bila kukohoa linakuwaje bovu? Sikuwa na jibu. Nilikuwa mwaka wa pili nikisoma fonolojia na fasihi simulizi, nami sikuweza kumfafanulia mzee wangu mstari mmoja wa karatasi ya polisi.

Mahakamani alikiri kosa kwa sababu aliambiwa kukana kungemrejesha hapo mara nyingi. Akatozwa faini. Siku mbili za soko zikampita. Aliporudi nyumbani alifanya lile lililoonekana la busara: aliung'oa ule uzio wa vyuma, kwa kuwa ndio uliokuwa ukionekana, na springi akaziacha papo hapo. Gari likarejea barabarani.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alikuwa ameondoa kisichokuwa na madhara makubwa na kubakisha kilichokuwa hatari. Sheria ilimla fedha na siku zake, nayo barabara haikupata usalama hata chembe.

Uwezo wa askari kisheria

Ili tusiseme kwa hisia tupu, ni vyema tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilianza kutumika Januari 1, 1954, enzi za ukoloni, na imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Kifungu cha 55 kinataka kila gari litumikalo barabarani, pamoja na sehemu na vifaa vyake vyote, zikiwemo taa na tairi, liwe limetimiza masharti ya sheria na litunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala walio ndani yake. Kifungu cha 105 kinampa askari aliyevaa sare uwezo wa kulisimamisha gari lolote, na kuwapa askari na wakaguzi uwezo wa kuliingia na kulikagua. Kifungu cha 106 kinaruhusu gari lenye kasoro lipigwe marufuku kutumika hadi lirekebishwe. Aidha, mwenye gari hutakiwa kumjulisha msajili abadilishapo mambo yaliyoandikwa katika daftari la gari, kama vile rangi, injini au umbo.

Fauka ya hayo, zipo Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016, zilizoorodhesha makosa na faini zake, kuanzia shilingi 500 hadi shilingi 10,000. Kuendesha gari bila cheti halali cha ukaguzi pale kinapohitajika ni miongoni mwa makosa ya shilingi 10,000. Nia ya kanuni hizo ni njema: mwenye kosa dogo asipotezewe siku nzima mahakamani, alipe na aende zake, au achague kwenda kujitetea.

Kwa hivyo askari hatendi kwa kupenda kwake. Wala asije mtu akadhani kwamba napigania uhuru wa kila mtu kuunda gari atakavyo. Usiku wa kuamkia Oktoba 10, 2018, basi lilianguka Fort Ternan na kuua watu zaidi ya 50. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 12, 2018, serikali ilianzisha msako wa nchi nzima dhidi ya magari ya uchukuzi wa umma. Nchi iliyozika watu kwa wingi namna hiyo ina haki, na ina wajibu, wa kuinama na kuchungulia chini ya kila gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatari, kero na urembo

Tatizo laanzia kwenye neno lenyewe. Tusemapo kwamba gari “limebadilishwa” huwa tumefumba mambo mengi katika neno moja. Kwa maoni yangu mabadiliko ya magari ni ya aina tatu, na kila aina yastahili kushughulikiwa kwa njia yake.

Aina ya kwanza ni mabadiliko ya hatari. Hapa ndipo springi za mjomba zinapoingia. Gari linapotengenezwa, springi, breki, tairi na ekseli huundwa zikilingana na uzito fulani. Fundi akiongeza springi, gari haliinami tena lizidiwapo na mzigo. Dereva hudanganyika akadhani gari limepata nguvu, kumbe kilichoongezeka ni uwezo wa kuficha uzito tu. Breki ni zile zile. Likifika mteremkoni na mzigo wa ziada, hakuna springi itakayolisimamisha. Katika fungu hili naiweka pia Probox iliyoinuliwa nyuma ili ibebe abiria wasiotoshea, matatu iliyoongezwa viti kupita idadi yake, na nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo ovyo ili kuendesha muziki na taa, ambazo zaweza kuwasha moto gari likiwa na watu. Gari la namna hii lizuiwe papo hapo. Hakuna mjadala.

Aina ya pili ni mabadiliko ya kero. Kijana akikata kinyamazishi katika bomba la moshi, gari halimwui mtu, ila linamwamsha mtoto mchanga na mgonjwa. Taa kali zilizoongezwa mbele humpofusha anayekuja upande wa pili, na hizo zaweza kuvuka mpaka zikaingia katika fungu la hatari. Kelele ni jambo linalopimika kwa chombo. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Lakini je, ni askari wangapi wa kando ya barabara walio na kipima sauti mkononi? Bila chombo hicho, gari huwa na kelele kwa kadiri ya sikio la askari na hali ya moyo wake siku hiyo.

Aina ya tatu ni mabadiliko ya urembo: rangi, michoro, maandishi, mapambo. Hapa lazima nizitaje nganya za Ongata Rongai, mji mwingine wa Kajiado, ambazo umaarufu wake umevuka mipaka ya nchi. Michoro ya matatu ni sanaa ya vijana wetu, na kwa mwanafunzi wa fasihi ni matini yenye methali, misimu, kejeli na majina ya mashujaa wa kila namna. Picha iliyochorwa ubavuni mwa gari haijapata kukata breki. Yafaa tu umbo na rangi vilingane na daftari la gari, na vioo visifunikwe.

Askari anapoyatia yote matatu katika kapu moja la “kasoro”, matokeo huwa kinyume cha yaliyokusudiwa. Kilicho wazi kwa macho, yaani urembo, huadhibiwa kwanza. Kilicho hatari hujificha chini ya gari na kupita.

Sheria ya mdomo

Kuna mfano mmoja wa historia unaostahili kukumbukwa. Mwaka 2003 Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004. Siku za mwanzo matatu nyingi zilitoweka barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Lakini hatimaye magari yalirudi yakiwa na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano na makanga waliovaa sare. Kwa muda fulani nchi ilipumua.

Kwa nini kanuni hizo zilishika? Wengi watasema ni ukali wa waziri. Mimi naongeza sababu nyingine: kila sharti liliweza kusemwa kwa sentensi moja ya Kiswahili, likaeleweka na bibi aendaye sokoni. Funga mkanda. Usizidi kilomita 80. Abiria ni kumi na wanne, basi. Kwa sababu hiyo abiria mwenyewe aligeuka kuwa mkaguzi. Makanga akizidisha, abiria alijua kuwa amezidisha, na alijua maneno ya kumkanya. Kanuni zilipoanza kulegea, ulegevu huo nao ulionekana na kila mtu.

Linganisha hayo na yaliyoipata michoro ya matatu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kwamba vijana waachiwe michoro yao. Miaka minne baadaye, katika msako wa Novemba 2018, wenye matatu wakaamrishwa kuifuta. Mwenye gari aliyelipa mchoraji fedha nyingi kwa kuamini neno la juu kabisa nchini alijikuta mkosaji bila kugusa brashi tena. Hiyo ndiyo hatari ya sheria ya mdomo: hutoka kwa tamko na kuondoka kwa tamko, na anayesimama kando ya barabara hufuata tamko la mwisho alilolisikia.

Penye giza la namna hiyo, hongo huota kama uyoga. Dereva asiyejua kosa lake hana namna ya kulipinga. Afadhali ampe mtu “kitu kidogo” apite. Hili si jambo la kubuni. Utafiti wa hongo wa Transparency International nchini Kenya wa mwaka 2002 uliiweka polisi kileleni. Na mwaka 2016, askari wa trafiki walipokuwa wakihakikiwa na Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, baadhi yao walitakiwa kueleza taarifa zao za M-Pesa, zilizoonyesha fedha zikitumwa kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Naomba nieleweke: wapo askari waadilifu, na yule aliyetusimamisha alikuwa mmoja wao. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ila hata mwadilifu akipewa sheria isiyo na kipimo, hulazimika kupima kwa jicho.

Lugha ya karatasi

Sasa nirejee kwenye ile karatasi niliyoshindwa kuifafanua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinamtaka anayemkamata mtu amweleze mara moja, kwa lugha anayoielewa mtu huyo, sababu ya kumkamata. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa maelezo ya kutosha ili aweze kulijibu, na kinasema maelezo hayo yawe katika lugha anayoielewa. Tena, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, inasema katika kifungu cha 198 kuwa lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili.

Basi hakuna kizuizi cha kisheria. Karatasi ya mjomba ingaliweza kuandikwa kwa Kiswahili, ikamsindikiza kwa Kiswahili hadi mbele ya hakimu. Kilichokosekana ni mazoea, na labda maneno. Hata vipimo vyenyewe vya ukaguzi haviko karibu na dereva. Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango kiitwacho KS 1515, kinachoeleza namna ya kukagua magari, na KS 372 kinachohusu mabodi ya magari ya abiria. Hivyo ni vitabu vya Kiingereza, vya kununuliwa. Fundi wa Kitengela anayechomelea vyuma chini ya mwavuli, ambaye ndiye hasa anayeamua gari litakuwaje, hana habari navyo. Twamhukumu mteja wake kwa kitabu ambacho hakuna aliyemfungulia.

Ukiendelea na barabara hiyo hiyo hadi mwisho wake Kajiado, wafika Namanga. Ukivuka mpaka waingia Tanzania, ambako dereva akikosea hupewa faini ya papo kwa papo na kuelezwa kosa lake kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sisemi kwamba trafiki wa huko ni malaika. Malalamiko ya hongo yamesikika huko pia, na lugha peke yake haimtakasi mtu. Ninachosema ni kuwa mchuuzi wa mbuzi wa upande ule akiambiwa kosa lake ana uwezo wa kubishana nalo. Mjomba wangu, kilomita chache upande huu, hana.

Hoja za wapinzani

Najua yapo yatakayosemwa. Wengine watanikumbusha kuwa kutojua sheria si kinga. Ni kweli, na mjomba alikuwa na kosa. Lakini msemo huo huchukulia kwamba sheria imewekwa mahali inapoweza kujulikana. Aliyefungiwa mlango hawezi kulaumiwa kwa kutoingia.

Wengine watasema askari hana nafasi ya kutoa mihadhara ilhali magari yamepanga foleni kutoka Kitengela hadi Athi River. Nami sitaki mihadhara. Karatasi yenye orodha fupi ya sehemu za gari kwa Kiswahili, askari akatia alama palipo na kasoro, ingechukua muda mfupi kuliko kuandika kwa mkono. Wapo pia watakaosema kwamba madereva wengi wa siku hizi husoma Kiingereza. Huenda, lakini haki za Kifungu cha 49 hazikuandikwa kwa ajili ya walio wengi tu. Ziliandikwa kwa ajili ya yule mmoja asiyeelewa.

Mapendekezo na wajibu wetu

Kwanza, karatasi ya faini na ya mashtaka iwe kwa lugha zote mbili rasmi, na itaje sehemu mahususi ya gari na hatari yake. Pili, mabadiliko yatenganishwe: ya hatari, gari lisimame, ya kero, lipimwe kwa chombo na mwenyewe apewe notisi na muda wa kurekebisha, ya urembo, yaachwe mradi daftari la gari limesahihishwa. Tatu, askari atiapo shaka juu ya jambo la kiufundi, gari lipelekwe kwa mkaguzi aliyesomea kazi hiyo. Nne, faini yoyote ilipwe kwa njia inayoacha risiti, wala isishikwe mkononi kando ya barabara.

La tano ni letu sisi, wasomaji wa jarida hili. Tumeandika tasnifu juu ya istilahi za isimu, za fasihi, za kompyuta. Mwaka 2019 hata Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zilipata toleo la Kiswahili. Je, nani ameandaa istilahi za ukaguzi wa magari? Nakipendekezea chama chetu kiunde jopo la wanafunzi litakaloketi na mafundi wa Kitengela, Isinya na Kajiado, likusanye maneno yao, liyalinganishe na ya mafundi wa ng'ambo ya Namanga, kisha litoe kijitabu kidogo cha ukaguzi wa gari. Maneno tayari yapo. Mafundi husema springi, breki, klachi, bushi, rejeta, plagi, ekseli na difu kila siku, nao huelewana. Kazi yetu ni kuyaandika, kuyasanifisha pale inapohitajika, na kuyafikisha kwa wanaotunga karatasi za askari. Kazi hiyo haina fahari ya kongamano, lakini huenda ikaokoa watu wengi kuliko makala yangu yote ya fonolojia.

Hitimisho

Namalizia pale nilipoanzia. Miezi kadhaa baada ya faini ile, pikapu ya mjomba ilipata pancha karibu na gereji moja ya Kitengela. Fundi mzee alipoinama kuweka jeki, aliona springi, akatikisa kichwa.

“Mzee, springi umeongeza, je, breki umeongeza?”

Mjomba akanyamaza. Fundi akachukua jiwe, akaliweka juu ya ubao mwembamba, akaonyesha namna mzigo unavyosukuma gari mteremkoni na breki zinavyolemewa. Hazikupita dakika tatu. Mjomba aliuliza maswali mawili, akajibiwa, kisha akamwambia azitoe springi zile siku hiyo hiyo. Hakutozwa faini yoyote. Alilipia pancha na kazi ya springi tu.

Aliyoyafanya fundi yule ndiyo niliyotarajia karatasi ile iyafanye: alitaja sehemu, akataja hatari, akasema kwa lugha ya aliyekuwa mbele yake. Askari ana sare, ana kifungu cha 55, ana kifungu cha 105 na cha 106. Ampatie mjomba wangu na sentensi ile moja ya fundi, na hapo uwezo wake utakuwa umeanza kulinda maisha. Sentensi hiyo ni ya Kiswahili, wasomi wenzangu, na kama hatutamwandalia sisi, sijui ni nani atakayemwandalia.